Bunduki za kona ya nyuma

Kila duka la bunduki ninalolijua huku Minnesota, Marekani, lina kona yake ya nyuma. Mbele, chini ya taa kali, zimepangwa mpya: za Kiitaliano zenye rangi ya matete, zinazojipakia zenyewe, na zile za mtutu juu na mtutu chini zilizonakshiwa ndege wa dhahabu. Ukizipita hizo, ukapita mikanda na kofia na magunia ya chakula cha mbwa, unafika kwenye rafu ya mbao iliyokwaruzika. Hapo ndipo zinapowekwa bunduki za wazee waliofariki, zilizoletwa na watoto wao. Bei imeandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Mimi huanzia huko, na mara nyingi naishia huko huko.

Novemba 2014 nilikuta hapo bunduki ya marisawa, Stevens 311 ya geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), mitutu miwili iliyolala sambamba, dola 225. Shingo ya kitako ilikuwa imezungushiwa utepe mweusi wa umeme, tabaka juu ya tabaka, hadi umekuwa mgumu na unang'aa kwa jasho la mkono wa mtu. Kijana wa dukani aliniambia kwa nia njema kwamba hiyo ni ya kutundika ukutani. Nikaiomba. Nikaifungua, nikaifunga, nikaipandisha begani la kushoto, maana mimi ni wa mkono wa kushoto. Jicho likatua juu ya mitutu pasipo kutafuta. Nikajaza fomu, wakapiga simu kuhakiki rekodi yangu, nikalipa, nikatoka nayo.

Watanzania wenzangu huku huniuliza kwa nini. Wanasema, ndugu, wewe ni fundi wa kuchomelea, mshahara unao, umekuwa raia, kwa nini unabeba mizigo ya marehemu? Nimewajibu vipande vipande kwa miaka. Leo nijibu kwa ukamilifu.

Babu mzaa mama alikuwa mrina asali wa Sikonge, Tabora. Mizinga yake ya magome ilitapakaa kwenye miombo hadi mbali kiasi cha kulala porini, na alikuwa na gobole lenye kibali. Kibali alikihifadhi ndani ya kopo la Kimbo, kimekunjwa mara nne, pamoja na stakabadhi za tumbaku. Mtutu wa gobole, kwa maelezo yake, ulitokana na bomba la usukani wa lori. Kitako kilikuwa cha mninga, chekundu, laini kama shavu. Na shingoni mwa kitako, mahali kilipopasuka zamani kabla sijazaliwa, alikuwa ameshonea ngozi mbichi ya mbuzi. Ngozi mbichi ukiishona ikiwa imelowa, ikikauka inajikaza na kubana kuliko bolti.

Tulikuwa tunawinda kanga. Kanga mchana ni ndege wa mbio, hakusubiri, anakukimbiza kwenye nyasi hadi uchoke. Babu hakuwakimbiza. Jioni alikaa karibu na mti wanaopanda kulala, akiwa amekwisha kushindilia baruti, kisha kitambaa, kisha marisawa aliyoyeyusha mwenyewe kutoka kwenye betri chakavu za magari, kisha kitambaa tena. Kazi yote hiyo kwa mlio mmoja. Akikosa, kanga wamekwenda na giza limeingia. Kwa hiyo hakufyatua kwa kubahatisha. Nilimwona akikaa jioni tatu mfululizo bila kufyatua hata mara moja, na kila jioni alirudi nyumbani na uso ule ule. Jioni ya nne aliangusha wawili kwa mlio mmoja, waliposimama kwenye tawi vichwa vikiwa mstari mmoja. Nilikuwa na miaka tisa na niliwabeba mimi.

Alifariki 1994. Kibali kilikuwa cha jina lake, hivyo mjomba alilipeleka gobole kituo cha polisi, ndivyo sheria inavyotaka, na ndivyo lilivyoondoka kwetu. Kopo la Kimbo lipo bado kwa mama.

Ninapoingia kwenye kona ya nyuma ya duka, basi, sitafuti urahisi wa bei. Natafuta chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu kama babu: mwenye bunduki moja, anayelima, anayehesabu risasi.

Maana bunduki hizi zilitengenezwa kwa watu hao hasa. Joshua Stevens alianzisha kiwanda chake Chicopee Falls, Massachusetts, mwaka 1864. Savage, kampuni nyingine ya bunduki, walikinunua 1920, wakaliacha jina la Stevens kwenye bidhaa za bei ya mkulima. Hiyo 311 iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1980 inaelekea mwisho, karibu bila kubadilika. Ndani mna springi za kujizungusha na vipande vinene vya chuma. Haina nakshi. Haitupi maganda yenyewe, inayainua kidogo tu unayachomoa kwa vidole, na mimi napenda hivyo kwa sababu maganda yangu hayabaki shambani mwa mtu. Kuna kipindi katika miaka ya 1940 ambapo kiwanda kilizivisha baadhi ya bunduki zake vitako vya plastiki iitwayo Tenite, ya rangi iliyochanganyika kama sabuni ya mche. Watoza bunduki hawazitaki. Nimewahi kuishika moja, ikanikaa begani vizuri, na bado najuta kuiacha.

Majina mengine utakayoyakuta kona ya nyuma: Iver Johnson ya Fitchburg, Harrington & Richardson ya Worcester, zote za Massachusetts. Winchester 37, ya mtutu mmoja, iliyotengenezwa kuanzia 1936 hadi 1963, ambayo haina hata namba ya utambulisho kwa sababu sheria ya kulazimisha namba hizo ilikuja 1968. J.C. Higgins, jina lililouzwa na Sears, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani. Ile ya kusukuma na kuvuta, Model 20, ilitengenezwa na High Standard wa Connecticut. Wakati huo Sears walikutumia bunduki kwa posta kutoka kwenye katalogi, kama wanavyotuma koti. Na kabla ya hapo, Crescent wa Norwich, Connecticut, walitengeneza bunduki na kuzigonga jina lolote ambalo mwenye duka alilitaka, ndiyo maana mpaka leo watu hukuta kwenye dari la nyumba bunduki yenye jina ambalo hakuna anayelifahamu.

Hakuna aliyeandika mashairi juu ya bunduki hizi. Lakini zililisha watu. Ukiangalia pale mkono wa mbele unaposhika, mbao imelika ikafanya bonde. Hilo bonde halifanywi na kiwanda.

Mimi ni mtu wa chuma, hivyo nieleze jinsi ninavyokagua, maana kupenda kitu kikuukuu bila kukikagua ni kujitafutia msiba. Kwanza naomba ruhusa ya kuivunja vipande vitatu: kitako, mkono wa mbele, mitutu. Mitutu miwili imeunganishwa kwa bati refu juu na jingine chini, vimeshikwa kwa risasi ya kulehemu. Naitundika mitutu kwenye kidole kwa ndoano yake, naigonga kwa fundo la kidole kingine. Ikiwa nzima inalia kama kengele ya shule, sauti inakaa hewani. Ikiwa lehemu imeachia mahali, inakoroma, inatoa sauti ya bati la dirisha wakati lori linapita. Hii sauti naipenda kuliko sauti yoyote kazini kwangu. Nimewahi kuigonga mitutu dukani hadi watu watatu wakasogea kusikiliza.

Kisha naielekeza mitutu dirishani na kuchungulia ndani. Mwanga unajipanga pete ndani ya pete. Pete ikipinda, hapo pana bonyeo. Naiunganisha tena bila mkono wa mbele na kuitikisa. Ikicheza kwenye bawaba, imechoka, inahitaji fundi. Napima chemba, mahali ganda linapokaa. Hapa geji 16 ina mtego wake: nyingi za zamani zilichimbwa kwa ganda la inchi 2 na 9/16, na maganda ya leo ni inchi 2 na 3/4. Ganda la leo litaingia bila tatizo, ndiyo hatari yake. Litakapofyatuliwa mdomo wake unafunguka, unakosa nafasi, na msukumo unapanda kupita kiasi kilichokusudiwa. Stevens yangu ni ya baada ya Vita Kuu ya Pili, chemba yake ni ya 2 na 3/4, lakini nilipima hata hivyo.

Na mitutu ya Damascus, ile yenye michirizi kama maji ya mto, siifyatui. Najua imejengwa kwa vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kupigwa nyundo vikiwa vya moto hadi vikashikana. Kwa jicho la mchomeleaji, hiyo ni mishono maelfu, kila mmoja ulifanywa na mtu aliyekufa kitambo, na sina njia ya kuuona ndani. Naiheshimu kazi hiyo. Inabaki ukutani.

Jambo moja sikulikagua mapema na lilinifunza. Mwaka mmoja nilinunua bunduki ya mitutu miwili kwa muuzaji ambaye simtaji. Uwanjani jogoo wa kwanza wa fezanti, ndege wa porini ninayemwinda, akaruka, nikavuta kifyatulio cha mbele, na mitutu yote miwili ikaitika kwa pamoja. Bega likafa ganzi. Jogoo alikwenda zake mzima. Lakini kilichonifanya nikae chini kwenye nyasi ni kufikiri kwamba mlio wa pili haukuwa wa kidole changu, na mbwa wangu alikuwa hatua chache mbele. Nikaitoa risasi, nikarudi kwenye gari, siku ikaisha. Fundi bunduki alipoifungua alinionyesha jino la kushikilia nyundo, limelika hadi limekuwa kama kisigino cha kandambili. Tangu siku hiyo, kabla sijalipa, naweka maganda ya mazoezi kwenye chemba, navuta kifyatulio kimoja, kisha naifungua kuona kama upande wa pili bado umejikunja. Na ninapigisha kitako kwenye zulia ili nione kama nyundo itaanguka kwa mtikisiko. Muuzaji akikataa nisifanye hivyo, namrudishia bunduki yake kwa adabu.

Nimetaja geji 16 mara kadhaa, na ni lazima niitetee. Geji ni hesabu ya zamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe vipande sawa kumi na sita, kila kipande ukifanye gololi, upana wa gololi hiyo ndio upana wa mtutu. Kwa hiyo geji 12 ni pana zaidi, geji 20 nyembamba zaidi. Geji 16 inarusha aunsi moja ya marisawa, kama gramu 28, kutoka kwenye bunduki nyepesi kuliko 12, na kwa ndege wa shambani hicho ni kipimo kamili. Ilipotea sokoni kwa sababu mbili ninazozijua. Mashindano ya kulenga visahani yaitwayo skeet yalipangiwa 12, 20, 28 na ile ndogo ya .410, 16 haikupewa nafasi. Kisha 1954 ikaja geji 20 yenye ganda la inchi 3, watu wakaona 16 haina kazi. Mkulima mwenye nayo hakupata habari hizo, akaendelea kuwinda. Alipokufa, watoto wakaileta dukani, na dukani risasi zake zinakaa rafu ya chini kabisa, boksi mbili au tatu, zina vumbi. Mimi nikipita nanunua zote.

Ndege ninaowawinda zaidi ni fezanti, na yeye hakuzaliwa huku. Owen Denny, balozi mdogo wa Marekani kule Shanghai, aliwasafirisha kutoka China hadi Oregon. Wa kwanza, mwaka 1881, wengi walikufa njiani; mwaka uliofuata wengine wakafika salama, wakazaliana. Leo hapa kusini magharibi mwa Minnesota, kwenye mahindi na mabwawa ya matete kuzunguka Marshall, jogoo wa fezanti anatembea kama aliyepewa hati ya shamba. Shingo kijani, pete nyeupe, kifua cha shaba, mkia mrefu kuliko mwili. Akiruka anapiga kelele za hasira. Mimi nilikuja 2003 na mkoba mmoja, na ndege huyo nilimpenda siku ya kwanza nilipomwona kandokando ya barabara kwenye theluji, anachakura.

Sheria hapa ni jogoo wawili kwa siku, watatu ikifika Desemba, majike hayaguswi. Kuanza ni saa tatu asubuhi, mwisho jua linapozama. Lazima uvae kitu cha rangi ya chungwa kali, au waridi kali, kiunoni kwenda juu. Kwa mtu aliyekulia karibu na babu yule, mipaka ya namna hii haina uzito. Jogoo wawili ni wengi. Ukiwapika kwa karanga kama tunavyopika kuku kwetu, taratibu, hadi nyama iachie mfupa, wawili wanatosha familia na ugali unabaki.

Nina mbwa mmoja wa kunyooshea ndege kidole, ila yeye hunyoosha pua. Anaitwa Kanga, kwa madoadoa yake. Kanga akisimama, mguu mmoja juu, mkia umekakamaa, nina muda wa kusogea polepole na kuchagua. Hapo ndipo vifyatulio viwili vinapokuwa na maana. Cha mbele kinafyatua mtutu wa kulia, ambao mdomo wake umebanwa kidogo, marisawa yanatawanyika mapema kwa ndege wa karibu. Cha nyuma ni cha mtutu wa kushoto, uliobanwa sana, wa mbali. Kidole kinachagua bila kuuliza kichwa. Bunduki za mbele dukani zina kifyatulio kimoja na kibonye cha kuchagulia, na mpaka ukumbuke kibonye, jogoo yuko kwa jirani.

Na kwa mkono wa kushoto kuna jambo jingine. Bunduki nyingi zinazojipakia zinatupa ganda kwa upande wa kulia, maana yake mbele ya uso wangu. Mitutu miwili haijali mkono. Wala Ithaca 37 haijali, bunduki ya kusukuma na kuvuta ambayo inaingiza na kutupa maganda kwa tumboni. Jina lake ni mwaka ilipoanza kuuzwa, 1937, huko Ithaca, New York, na mchoro wake una asili kwa John Browning. Binti yangu naye ni wa kushoto. Alipofika miaka 12 na kupata cheti chake cha usalama wa bunduki, nilimtafutia Ithaca ya geji 20 iliyokuwa na jina la mtu limechongwa kwa kisu kwenye kitako, ndiyo maana bei ilishuka. Alinitaka nisilifute. Anasema jina lile lilikuwepo kabla yake.

Sasa risasi. Kwenye ardhi ambazo serikali kuu hununua kwa ajili ya bata, kwa fedha za stempu ambayo wawindaji wa bata wamekuwa wakiinunua tangu 1934, marisawa ya madini ya risasi hayaruhusiwi. Sababu ni ya kweli. Bata na ndege wengine huyameza wakidhani ni changarawe za firigisi, wakafa kwa sumu polepole. Kwa bata, nchi nzima iliyapiga marufuku mwaka 1991. Wengi wakahamia marisawa ya chuma. Lakini chuma ni kigumu, na mtutu wa zamani uliobanwa mdomo haukutengenezwa kwa hilo. Unaweza kufura kama koo la mtu mwenye rovu. Kwa hiyo natumia bismuthi, madini laini, salama kwa ndege na kwa mtutu. Ganda moja hunigharimu zaidi ya dola mbili. Rafiki yangu mmoja alipiga hesabu akasema miaka michache risasi zitazidi bei ya bunduki. Ndivyo. Na tangu nianze kuzilipia bei hiyo nimekuwa nikiacha ndege wa mbali waende. Nangoja. Msimu uliopita wote nilifyatua mara 31.

Kuna faida moja sikuitegemea. Huku mashamba ni ya watu na ardhi ya umma inajaa wawindaji siku za Jumamosi, hivyo nabisha hodi. Mtu mweusi, lafudhi ya Tabora, anasimama mlangoni kwa mkulima ambaye hajawahi kumwona. Nilikuwa na hofu na jambo hilo, na bado naliandaa moyoni kila mara kabla ya kushuka garini. Bunduki naiacha kwenye mfuko wake, imefunguliwa, haina kitu. Lakini mara nyingi mzee akishakubali, ananifuata hadi garini kuona mbwa, na ninapoitoa ile Stevens anasimama kimya. Mmoja wao, mzee wa miaka themanini na ushee, alinyoosha mikono bila kusema neno. Nilimpa. Aliifungua, akapitisha kidole gumba kwenye kile kifungio cha usalama, akaipandisha begani, akaishusha. Akasema baba yake alinunua kama hiyo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa pesa za ngozi za panya-maji walizotega yeye na kaka zake majira yote ya baridi. Waliila sana ile bunduki, alisema, nami nilielewa maana yake: walikula kwa hiyo. Kisha akanionyesha kwa mkono bwawa la nyuma, ambalo nilikuwa sijaliomba, akaniambia jogoo hulala upande wa mashariki upepo ukiwa wa kaskazini. Nimewinda bwawa hilo miaka sita. Kila Desemba nampelekea jogoo aliyesafishwa na chupa ya asali, na mkewe hunipa maboga.

Septemba naenda kaskazini, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari, kuwinda yule kwale wa misitu ya baridi ambaye wao humwita grausi. Huko miti ya aspeni imesongamana kama fimbo kwenye mzigo, na ndege anaruka kwa kishindo unachokisikia tumboni kabla hujamwona. Nafasi ni ya kupepesa jicho. Nimemkosa mara nyingi kuliko nilivyompata. Tawi limekwaruza mtutu, kitako kimepiga jiwe, nimevuka kijito bunduki ikiwa juu kichwani na nikateleza. Sikuwahi kusimama kuangalia kama imepata mkwaruzo. Anayebeba bunduki ya dola elfu nne anatembea kwa ajili ya bunduki, nimewaona. Mimi natembea kwa ajili ya ndege.

Ule utepe wa umeme niliuacha miaka minne. Nilidhani ni haki ya aliyeuweka. Msimu wa baridi wa 2018 nikasikia shingo inapiga kelele kidogo nikiibana, ikanibidi niutoe. Chini yake mbao ilikuwa imepasuka kwa mshazari, na mwenyewe alikuwa amejaribu kuitengeneza: misumari miwili midogo ya shaba, imefukiwa vizuri, na waya mwembamba umezungushwa mara kumi na moja, kila mzunguko umelala kando ya mwenzake bila kupandana. Ni mkono wa fundi. Utepe aliuweka juu ili waya usimchome. Nilikaa na taa ya mezani nikauangalia waya ule muda mrefu.

Fundi bunduki aliutoa kwa uangalifu, akamimina gundi ngumu ndani ya ufa, akaubana siku mbili, akaniambia shingo sasa ina nguvu kuliko ilipokuwa mpya. Misumari tuliiacha. Ningeweza kuishia hapo. Lakini mahali palipokuwa na utepe palikuwa peupe na pembamba mkononi, na jirani yangu alikuwa amepiga paa msimu ule. Nikamwomba kipande cha ngozi mbichi. Nikakinyoa, nikakiloweka usiku kucha, nikakizungusha shingoni na kukishona kwa uzi wa kano, mshono nimeuweka ubavuni wa kushoto ili nione ninachofanya. Kilikauka siku tatu kando ya jiko. Kilijikaza hadi nikasikia mbao ikijibu.

Nilipiga picha nikamtumia mama kwa simu, Sikonge. Sikuandika neno. Ilipita siku nzima. Kisha akanirekodia sauti. Nyuma yake jogoo wa nyumbani anawika na mtu anatwanga. Alisema ameona. Alisema ya babu yako aliishona mbele yangu, mimi nikimshikia taa ya chemli, nilikuwa msichana. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ila mwanangu, mshono wa baba ulikuwa chini. Huo umeuweka ubavuni, utakuchubua kiganja."

Nikaenda kuchukua kitambaa, nikakilowesha kwa maji ya vuguvugu, nikaizungushia shingo nzima mpaka ngozi ilainike, nikaanza kufumua.